Mutoto wa mutumwa na teatre ya Kisindhi



Mwisho wa mwaka wa masomo tuliitwa kutazama teatre ya watoto wetu. Walicheza kwa Kifaransa kitupu. Walicheza muzuri, tukapiga mikono. Lakini wamama wengi walicheka tu kwa kuona wengine wanacheka. Tuliporudi, mwenzetu mumoja wa sendika akasema Kiswahili ni luga ya soko na ya mugodi, teatre ya kweli haiwezi kuandikwa namna hiyo.

Tunamujibu kwa habari ya mbali. Mu Sindh, leo sehemu ya Pakistani, Mirza Qalich Beg alizaliwa mu 1853, mu muji wa Hyderabad. Baba yake alikuwa mutoto wa Georgia: akakamatwa mateka, akauzwa, ndiyo akafikishwa kule. Mwana wa mutu aliyenunuliwa kama mbuzi! Na Kisindhi nacho hakikuwa na kiti mu ofisi. Wafalme waliandikisha mambo yao kwa Kiajemi. Waingereza walipokamata inchi mu 1843, Kiingereza kikakaa juu. Hata alfabeti ya serkali ya Kisindhi iliwekwa tu mwaka ule ule wa 1853.

Beg hakungojea ruhusa. Mu 1880 alitoa Laila Majnu, inayohesabiwa kuwa mchezo wa kwanza wa teatre mu Kisindhi. Kisha akachukua Shakespeare, na hapa ndipo tunamusifu zaidi, juu hakumufuata neno kwa neno kama karani anayenakili kontra. King Lear akamugeuza Shah Elia, Hamlet akamuita Shahzado Bahram, majina ambayo mutu wa Sindh hashindwi kutamka. Ule muzee anayegawia mabinti mali yote, kisha anabaki mu mvua bila nyumba, nani hamujui? Wastaafu wa namna hiyo tuko nao mu avenyu yetu.

Mu 1890 akaandika Zeenat, hadisi ndefu ya mwanamuke aliyesoma. Vitabu vyake vyote vinapita 400.

Tuseme ukweli: alikuwa mukubwa mu kazi ya Waingereza, Deputy Collector. Sisi tusingemuchagua kuwa delege. Lakini kalamu yake aliiachia watu wa kwao.

Na hapa kwetu, Mufwankolo hakuchekesha Lubumbashi nzima kwa Kiswahili, mu radio na mu televizyo?

Basi tunaomba wakubwa wa masomo: mwaka unaokuja, mchezo mumoja wa Kifaransa na mumoja wa Kiswahili. Wamama wa kambi wameisha kuanza kutunga wao, juu ya mujane anayeletewa karatasi ya kusaini siku ya tatu ya kilio. Wanakosa mutu wa kucheza karani. Salle ya sendika iko wazi kila siku ya posho, mangaribi.