Usichague bredauni ukiwa umeshakwama



Jumapili iliyopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu. Anasoma chuo hapa Maryland, na kwa fedha za kazi ya wikendi amejinunulia Corolla ya mwaka 2009. Kampuni ya bima imemuuliza kama anataka kuongeza huduma ya msaada barabarani. "Dada, ni dola chache tu kwa mwezi. Niweke au nisiweke? Si nikikwama nawapigia ninyi?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifikiri mimi, hadi asubuhi moja ya Januari.

Nilikuwa natoka zamu ya usiku Virginia, narudi nyumbani Silver Spring. Nimeshavuka daraja la American Legion, nipo kwenye I-495, ile barabara ya mzunguko inayoitwa Beltway, nikaingia shimo ambalo sikuliona. Matairi mawili ya upande wa kulia yakapasuka kwa mpigo. Nilikuwa na spea, lakini spea ni moja. Nikajisogeza pembeni, nikawasha taa za hazadi, nikawapigia jamaa. Mmoja yuko kazini Baltimore, mwingine amelala simu imezimwa, wa tatu akasema, "Nakuja, lakini foleni ni saa nzima." Na angekuja na nini? Jeki yake isingenisaidia kitu.

Haikupita robo saa, bredauni likasimama mbele yangu. Sikuwa nimeliita. Dereva mpole, ana tabasamu, akaniambia hapa ni hatari, nitie sahihi tu anitoe. Nilikuwa macho tangu jana yake mchana. Nikatia sahihi bila kusoma. Gari likapelekwa kwenye yadi yao, si kwa fundi wangu. Dola 465, na kila siku linapolala pale ni dola nyingine. Nilikwenda kulala, nikalifuata kesho yake, na siku hiyo moja nikailipia pia. Fedha hizo nilikuwa nimeshazipangia ada ya mdogo wetu Tanga. Alichelewa kuripoti shuleni wiki mbili.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Honda yangu ilikuwa na miaka miwili tu, na Honda huwapa wanunuzi wa magari mapya msaada wa barabarani kwa miaka mitatu au maili 36,000, kinachotangulia. Namba ilikuwa kwenye kitabu ndani ya gari, sentimita chache kutoka kwenye magoti yangu. Huduma nilikuwa nayo. Sikujua.

Wodini, toroli la dharura tunalikagua kila zamu, wakati hakuna anayekufa. Dawa ipo, oksijeni ipo, kila kitu mahali pake. Mgonjwa akibadilika hakuna muda wa kutafuta. Gari nalo ni hivyo hivyo. Uamuzi wa nani atakuvuta, akupeleke wapi na kwa bei gani, ufanye ukiwa mezani na chai yako. Ukiungoja barabarani, atakufanyia mtu mwingine.

Kabla hujanunua, angalia ulichonacho

Kama gari ni jipya au karibu jipya, fungua kitabu chake. Toyota hutoa msaada wa barabarani kwa miaka 2 ya kwanza, Honda 3 kama nilivyosema, Hyundai 5. Ukiwa bado ndani ya muda huo, hakuna haraka ya kununua kingine. Andika tu tarehe unapokwisha.

Kisha soma karatasi za bima yako. Wengi wetu tulisaini bima kwa simu, siku ileile ya kununua gari, na hatukumbuki tulikubali nini. Huenda unalipia huduma hii tayari. Kuna familia nazijua zinazolipia mara mbili, kwenye bima na kwenye klabu.

Angalia pia kadi yako ya benki. Baadhi ya kadi zina namba ya kuita msaada, lakini mara nyingi hiyo ni huduma ya kulipia kila unapoitumia. Ni afadhali kuliko kuokota bredauni njiani, ila usidhani ni bure.

Na vipo vya bure kabisa ambavyo wengi hatuvijui. Maryland ina kikosi kinachoitwa CHART, chini ya idara ya barabara ya jimbo. Magari yake hupita kwenye barabara kuu na husaidia kubadilisha tairi, kubusti betri, au kukupa mafuta kidogo ufike kituoni, bila malipo. Virginia nako kuna magari ya doria ya usalama ya VDOT. Ukiwa kwenye barabara kuu za majimbo haya mawili, piga #77. Hao hawatakupeleka hadi kwa fundi wako, lakini ukiwa na pancha au betri imelala, huenda usihitaji zaidi ya hapo.

Bima au klabu?

Ukishajua ulichonacho, kwa wengi wetu uchaguzi unabaki kati ya njia mbili.

Ya kwanza ni kuongeza huduma kwenye bima ya gari. Faida yake ni bei. Kwa kawaida ni dola chache kwa mwezi, na huna akaunti nyingine ya kufuatilia. Lakini bima hufuata gari. Ukikwama ukiwa na gari la shemeji, huna kitu. Na kampuni nyingi hukuvuta hadi gereji iliyo karibu tu, au hadi maili fulani. Ukitaka kwenda mbali zaidi, maili za ziada unalipa mwenyewe. Waulize pia kama simu za kuomba msaada huandikwa kwenye rekodi yako na kama zinaweza kugusa bei ya bima. Majibu hutofautiana kati ya kampuni na kampuni.

Ya pili ni klabu ya magari. Kubwa kuliko zote hapa ni AAA, iliyoanzishwa mwaka 1902. Wasomaji wetu wa Kenya wanalifahamu jambo hili, kwa kuwa AA of Kenya ilianza Nairobi mwaka 1919 na wengi walijifunzia udereva huko. Klabu humfuata mtu. Ukiwa na kadi yako, unasaidiwa hata ukiwa abiria kwenye gari la rafiki. Kwa familia yenye magari mawili ambayo kila mtu anaendesha lolote, au kwa mwanafunzi anayeazima azima, hilo ni jambo kubwa. Lakini kumbuka kwamba mwanachama ni wewe peke yako. Mume, mke au mtoto huongezwa kwa ada yake.

Klabu ina ngazi, na hapa ndipo watu hujikwaa. Ngazi ya kwanza huvuta gari maili chache tu, kwa kawaida 5. Plus huvuta hadi maili 100. Premier inakupa safari moja ya hadi maili 200 kwa mwaka. Simu za msaada zina kikomo, kwa kawaida nne kwa mwaka kwa kila mwanachama.

Sasa chukua ramani. Kutoka Silver Spring hadi uwanja wa ndege wa Dulles ni kama maili 30. Hadi Baltimore ni kiasi hicho hicho. Maili 5 kutoka Dulles hazikufikishi hata Beltway. Mtu amelipia ngazi ya chini akidhani ameshajikinga, kumbe kila anapokwenda kumpokea mgeni yuko nje ya kinga yake. Na ndugu zetu wanaokwenda harusini Columbus, Ohio, hao ni karibu maili 400. Gari likifia katikati ya safari, hata Plus inakupeleka gereji ya jirani tu, na hoteli unalipa mwenyewe.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Piga simu, usitegemee tangazo. Uliza haya, na majibu yaandike:

Mnamhudumia mtu au gari? Mnavuta maili ngapi, na ni gereji ninayochagua mimi au iliyo karibu? Mnalipa moja kwa moja, au nalipa kwanza mimi kisha mnanirudishia? (Hili liulize vizuri. Mwisho wa mwezi, dola 300 za kulipa kwanza si kila mtu anazo.) Nikijiunga leo, naweza kutumia leo au kuna siku za kungoja? Gari langu likiwa la kuendeshwa na magurudumu yote manne, kama Subaru nyingi, mtaleta lori la kulibeba lote? Gari la namna hiyo likivutwa magurudumu mawili yakiwa chini, linaweza kuharibika vibaya.

Tulivyoamua mezani

Mdogo wangu alikuja jioni, tukatoa daftari. Anaishi Langley Park, chuo kiko Takoma Park, kazi Laurel, fundi wake Hyattsville. Anaendesha gari lake tu, halimwazimi mtu. Safari yake ndefu kuliko zote, Laurel hadi kwa fundi, haifiki maili 15. Akapiga simu bima, tukaweka sauti juu. Wakamjibu kwamba wanavuta hadi maili 15, gereji ni chaguo lake, na wanalipa moja kwa moja. Nikamwambia, "Weka." Klabu ingekuwa nzuri, lakini angelipia maili asizozitumia.

Mimi nilichukua Plus, na kwenye bima nikaiondoa huduma hiyo. Navuka majimbo mawili kila zamu, na mara nyingine naendesha gari la mume wangu. Tumekaa meza moja, damu moja, na majibu mawili. Ndiyo maana siwezi kukuambia, "nunua ile." Pima njia zako kwanza, bei itafuata.

Ukikwama

Kama gari bado linatembea, toka kwenye barabara kuu, hata kwa mwendo wa kobe. Kama limezimika kwenye njia ya magari, piga 911 mara moja. Ukiwa pembeni na unaweza kushuka salama upande usio na magari, simama nyuma ya kizuizi cha chuma, mbali na gari. Ukiona huwezi kushuka salama, baki ndani umefunga mkanda. Usibadilishe tairi la upande wa magari kwenye Beltway. Nyumbani tumezoea kukata matawi, tukayaweka barabarani, vijana wakaja kusukuma. Hapa anayesimama barabarani hugongwa. Sheria ya Maryland, tangu Oktoba 2022, inamtaka dereva ahame njia au apunguze mwendo anapopita gari lolote lililosimama likiwa na taa za hazadi, na Virginia ilifuata Julai 2023. Lakini usiyaweke maisha yako mikononi mwa dereva anayesoma simu.

Likija bredauni usiloliita, sema asante, nimeshaita. Hata uliloliita, muulize dereva ametumwa na nani na ameitwa kwa jina gani. Kama hajui jina lako, si wako.

Na kuna siku ambazo hakuna mpango utakaokufikia. Januari 2022 theluji iliifunga I-95 huko Virginia, karibu na Fredericksburg, na watu wakalala ndani ya magari. Seneta Tim Kaine, aliyekuwa akitoka Richmond kuja Washington, safari ya saa mbili, alitumia saa 27. Kwa hiyo kwenye buti weka blanketi, maji, kitu cha kutafuna, tochi, na chaja ya simu. Mwenye dawa za kila siku asitoke bila dozi ya ziada. Na betri ikaguliwe kabla ya baridi, kwa sababu kwenye nyuzi za kuganda hupoteza karibu theluthi moja ya nguvu zake. Ile inayosuasua Oktoba ndiyo itakayokulaza Januari.

Wala sijasema tuache kuitana. Jamaa yule wa tatu alifika siku ile, saa moja na nusu baadaye, na kikombe cha chai. Alinipeleka nyumbani na kunisubiri nilale. Hiyo kazi hakuna klabu inayoifanya. Lakini kuvuta gari tuwaachie wenye minyororo.

Leo jioni, kabla hujalala, fungua kitabu cha gari na karatasi za bima. Namba ya msaada iingize kwenye simu yako, na iandike pia kwenye karatasi uiweke kwenye kioo cha jua, maana simu nayo huzimika. Mdogo wangu ameiandika yake kwa kalamu nyekundu. Chini yake ameongeza yangu.

Tukutane toleo lijalo. Endesheni salama.