PESA YA MAFUNZO NI YA WAFANYAKAZI: LETA IONYESHE HESABU

Bandugu vijana wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi,

INPP njo ile taasisi ya Leta iliyoanzishwa mwaka 1964 ili kufundisha wafanyakazi kazi na kuwapandisha daraja. Kwa ajili yake, kila mwajiri anapaswa kutoa sehemu ya jumla ya mishahara. Mwenye wafanyakazi 1 mpaka 50 analipa 3%. Mwenye 51 mpaka 300, 2%. Mwenye kupita 300, 1%.

Soma tena. Fundi wa milango ya chuma, mwenye vijana wane benye kontra, analipa 3%. Kampuni kubwa ya shaba na kobalti, yenye maelfu ya wafanyakazi, 1%. Watatuambia 1% ya mamilioni inapita 3% ya franga kidogo. Ndiyo, hesabu tulisoma, hata kama diplome zetu zinalala chini ya matela. Lakini kati ya patro wa mine na yule fundi, ni nani alihitaji kupunguziwa?

Na hiyo pesa ikisha kuingia, inamfundisha nani? Wenzetu benye kuchimba, kubeba mizigo, kutengeneza pikipiki, hawana kontra. Njo wengi. Jina lao haliandikwi popote, basi hakuna anayewalipia wala anayewaita kujifunza.

Sisi watafuta kazi je? Tulienda watatu ku senta moja ya Leta kuuliza mafunzo ya umeme wa viwanda. Jibu: leta franga kwanza. (Leta kweli iko na jina lake!) Mwenzetu aliyepata ya kulipa alijifunza moteri kwa kuangalia michoro ku ubao. Moteri yenyewe hakuigusa.

Katiba, makala 36, inasema kazi ni haki ya kila Mkongomani, na Leta inapaswa kumlinda asikose kazi. Kwa hiyo hatuombi musaada. Tunadai Leta ibandike hadharani, jimbo kwa jimbo, pesa ngapi iliingia, batu wangapi walifundishwa, wangapi walipata kazi. Tunadai kampuni za mine zitoke ku ile 1%, na mafunzo ya asiye na kazi yakuwe bure.

Sendika nazo, sauti yenu tunaisikia ju ya mishahara tu. Wewe mwenye kontra, lundi asubuhi muulize delege wako: mwaka huu, ni nani katika kampuni yetu alitumwa kujifunza? Utuandikie jibu lake.