Land Rover ya Baba Watoto

Wapendwa akina mama, baba watoto akitamani kununua Land Rover Defender iliyokwisha kutumika, ya kwenda nayo shule, sokoni na kanisani, tusikatae wala tusikubali upesi. Bodi yake ni ya alumini, lakini chesisi ni ya chuma na hula kutu. Fundi aingie chini aikague. Ada ya watoto isije ikaishia kwenye tangi la mafuta. Sisi wauguzi twatazama zaidi nyuma: vile viti vya kutazamana mara nyingi havina mikanda, na ndiko wanakokaa watoto. Kama njia yetu haina matope, gari dogo lenye mikanda latosha. Bwana Yesu alifundisha kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Tuketi na baba, tuhesabu, tuombe.