Mpira Laini Usio Laini: Besiboli, Softiboli na Kipimo cha Ugumu

Wahenga walinena kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ndivyo ilivyo nchini Marekani kila unapozuka mjadala kuhusu mchezo ulio mgumu zaidi kwa mpigaji kati ya besiboli na softiboli. Mashabiki wa besiboli hudai kwamba softiboli ni besiboli iliyopunguzwa makali ili wanawake waimudu. Wale wa softiboli nao hujibu kwamba mabingwa wa besiboli wamewahi kuaibishwa na wanawake. Makala haya yanashikilia kuwa pande zote mbili zina ushahidi, ila zote zimeufasiri vibaya.

Kwanza, hapana budi kufafanua kinacholinganishwa. Softiboli ni jina moja la michezo miwili. Katika aina ya kwanza, mpira hurushwa polepole ukapaa na kushuka, na kuupiga si kazi kubwa hata kwa anayecheza kwa kujiburudisha. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo iliyochezwa katika Olimpiki, mrushaji huuzungusha mkono na kuuvurumisha mpira kutoka usawa wa nyonga. Mizozo mingi huzuka kwa sababu wasemaji wawili hutumia neno moja kwa vitu viwili. Ulinganisho wa haki ni wa aina hii ya pili.

Hoja ya mashabiki wa besiboli ni kasi. Ni kweli kwamba katika besiboli ya kulipwa mrusho wa kilomita 150 kwa saa ni wa kawaida, ilhali katika softiboli ya wanawake kilomita 110 ni kasi ya mrushaji hodari. Hata hivyo, mrushaji wa besiboli husimama mita 18.44 kutoka kituo cha mpigaji, naye wa softiboli mita 13.11. Umbali ukigawanywa kwa kasi, mpira wa besiboli huchukua takriban sekunde 0.44 kufika, na ule wa softiboli sekunde 0.43. Aidha, mzingo wa mpira wa softiboli ni kama sentimita 30, dhidi ya 23 za besiboli, jambo linalomfaa mpigaji. Lakini gongo lake ni jembamba zaidi. Kinachoongezwa huku hupunguzwa kule.

Mashabiki wa softiboli nao hutegemea visa. Ted Williams, aliyefikisha wastani wa 0.406 mwaka 1941, alikabiliana na Joan Joyce mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mirusho mingi ikampita. Mwaka 2004, Jennie Finch aliwatoa Albert Pujols na Mike Piazza bila wao kuugusa mpira ipasavyo. Je, visa hivi vinathibitisha kwamba softiboli ni ngumu zaidi? La hasha. Mpigaji wa softiboli akipelekwa ghafla mbele ya mrushaji wa besiboli, naye atapata taabu iyo hiyo.

Ukweli ni kwamba katika muda usiofika nusu sekunde, mpigaji hawezi kusubiri auone mpira hadi mwisho ndipo aamue. Huanza kuamua kwa kusoma bega, kiganja na mzunguko wa mpira unapoachiliwa. Usomaji huo hujengwa kwa miaka mingi. Williams na Pujols walikuwa wamejifunza kumsoma mrushaji anayesimama kwenye kichuguu na kurusha kutoka juu ya bega. Walipokutana na mkono unaotokea nyongani, alama walizozizoea hazikuwapo. Macho yao hayakuwa yamepungua uwezo. Walikuwa wanasoma lugha wasiyoijua.

Kwa hiyo, ugumu hauko ndani ya mpira peke yake, bali kati ya mrusho na uzoefu wa anayeukabili. Hapa ndipo jina linapopotosha. Jina la Kiingereza la mchezo huu lina maana ya mpira laini, ilhali mpira unaotumiwa leo katika mashindano ni mgumu. Mchezo ulianzia Chicago mwaka 1887 kama besiboli ya kuchezewa ukumbini. Mazingira yale yamebadilika, jina likabaki. Kwa vile umekuja kuhusishwa zaidi na wanawake, ulaini wa jina umehamishiwa kwa wachezaji. Mfasiri au mtangazaji wa Kiswahili atakayeuita mpira laini atakuwa ametafsiri neno na kuingiza dharau pamoja nalo. Heri neno la mkopo lisilotoa hukumu.

Wanaouliza mchezo upi ni mgumu zaidi wangefaa kuuliza kwanza: kwa nani, na aliyezoea nini? Bila swali hilo, jibu huwa ni la shabiki tu. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.