Ukubwa wa China Si Uchawi

Twasikia watu wakisema: «Wachina wamezaliwa na akili ya mashini, sisi tuwaache wafanye kazi, tupokee faida.» Maneno hayo twayakataa. Ni maneno ya uvivu.

Mwaka wa 1978, Deng Xiaoping na wenzake walipogeuza njia ya nchi, wengi wa Wachina walikuwa wakulima maskini. Mwaka wa 1980 wakafungua Shenzhen, karibu na Hong Kong, ili wageni walete fedha na mashini. Lakini hawakufungua mlango wakalala. Mgeni aliyetaka kutengeneza motokari kwao alilazimishwa kushirikiana na kampuni ya wenyeji, na sehemu yake isipite nusu. Kwa motokari za watu, sharti hilo liliondolewa mwaka wa 2022 tu, wanafunzi walipokwisha kuwa mafundi. Katika Shenzhen ileile kampuni BYD ilianza mwaka wa 1995 kwa kutengeneza betri. Leo inauza motokari za umeme katika nchi nyingi.

Tusidanganyane: ukubwa huo umelipwa kwa jasho. Mamilioni walitoka vijijini kwenda viwandani, na kwa sababu cheti cha makao, kiitwacho hukou, kiliwafunga na kijiji chao, watoto wengi waliachwa kwa babu na bibi. Vyama huru vya wafanyakazi vimekatazwa. Mambo hayo hatuyasifu.

Na sisi je? Kobalti nyingi ya dunia yachimbwa katika udongo wetu, Kolwezi na Fungurume, lakini husafishwa China. Mkataba wa Sicomines wa mwaka 2008 uliahidi barabara kwa madini. Mwaka wa 2024 ilibidi kuuhesabu upya, na fedha za ujenzi zikapandishwa toka dola miliardi 3 mpaka 7. Basi tulitia sahihi kwanza, tukahesabu baadaye!

Mwezi wa pili 2025 Serikali ilizuia kobalti isitoke, kisha ikaweka kipimo. Ni vema. Lakini kufunga mlango si kujua kazi. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Twawauliza wakubwa wetu: katika kila mkataba, vijana wangapi watafundishwa ufundi? Kiwanda gani kitabaki mikononi mwetu? Wachina waliwauliza wageni wao maswali hayohayo. Tusione haya kuwauliza wao.