Nani Ametenda Dhambi? Saratani ya Mlango wa Kizazi, Urithi wa Damu na Hukumu Zetu



Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania. Ni vigumu kupata parokia ambayo haijamzika mama aliyeugua maradhi haya. Pamoja na maumivu ya mwili, wengi wa akina mama hao hubeba mzigo wa pili, yaani maneno ya watu. Misibani, na hata katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, husikika minong'ono ya namna mbili. Wapo wasemao kwamba marehemu alivuna alichopanda, kwa kuwa ugonjwa huu huletwa na virusi vinavyoambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Wengine, wakiona mama ameugua na baadaye binti yake, husema ukoo ule una laana. Elimu ya vinasaba inatusaidia kuzipima kauli zote mbili, nasi tunaona ni wajibu wetu wa kichungaji kuzipima.

Tuanze na virusi vyenyewe. Mtaalamu wa Ujerumani, Harald zur Hausen, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua kwamba virusi vya HPV ndivyo vinavyosababisha saratani hii. Aina mbili za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizo duniani. Hata hivyo, maambukizi yenyewe ni ya kawaida mno. Walio wengi miongoni mwa watu waliowahi kujamiiana huyapata wakati fulani bila kujua, na kwa kawaida mwili huyaondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ni kwa wachache tu virusi hubaki, na kwa kawaida saratani hujitokeza miaka 15 hadi 20 baadaye. Mke aliyeishi kwa uaminifu mkamilifu aweza kuambukizwa na mumewe, naye mume huenda aliyapata maambukizi hayo miaka mingi kabla ya ndoa.

Basi, kwa nini wanawake wawili wapate virusi vile vile, mmoja apone na mwenziwe augue? Sehemu ya jibu imo katika urithi. Kwenye kromosomu ya sita ya binadamu kuna kundi la jeni liitwalo HLA. Jeni hizi huongoza utengenezaji wa protini zinazofanya kazi mithili ya mlinzi wa lango: huvionesha vipande vya virusi kwa askari wa kinga ya mwili, ili wamtambue adui na kumshambulia. Jeni hizo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kuna aina zinazovionesha virusi vya HPV kwa ufasaha, na kuna zinazovionesha kwa udhaifu.

Utafiti uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 1999 ulionesha kwamba mama na dada wa damu wa wanawake wenye saratani hii, au dalili zake za awali, walikuwa na hatari takriban mara mbili ya wengine. Kwa ndugu wa kuasili, waliolelewa nyumba moja bila kuchangia damu, ongezeko la namna hiyo halikuonekana. Tukumbuke pia kwamba msingi wa elimu ya urithi uliwekwa na mtawa Mkatoliki wa Shirika la Mtakatifu Agostino, Gregor Mendel, aliyechapisha matokeo ya majaribio yake ya njegere mwaka 1866.

Hapa minong'ono yote miwili inakosa msingi. Ugonjwa huu hauwezi kuwa kipimo cha maadili ya mtu, kwa sababu wengi huambukizwa na wachache huugua, na tofauti hiyo hutokana kwa sehemu na jeni ambazo hakuna aliyezichagua. Wala si laana ya ukoo, kwa maana jeni peke yake haileti saratani hii pasipo virusi. Urithi huongeza au hupunguza uwezekano, hautoi hukumu. Zipo sababu nyingine pia. Mwanamke anayeishi na VVU yumo katika hatari takriban mara sita zaidi, na uvutaji wa tumbaku nao huongeza hatari.

Kosa la tatu ni kukata tamaa, mtu akisema: "Mama yangu aliugua, nami nangoja zamu yangu." Hapana. Chanjo ya HPV humkinga binti kabla virusi havijaingia, hata kama kinga aliyorithi ni dhaifu. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ilianza kuwapa wasichana wa miaka 9 hadi 14 dozi moja. Utafiti mwingine wa Sweden, wa mwaka 2020, ulionesha kwamba waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17 walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 88.

Tunawasikia wazazi wanaohofia kwamba chanjo hii itawapa binti zao ruhusa ya kutenda dhambi. Malezi ya usafi wa moyo ni jukumu la wazazi, na hakuna sindano inayoweza kuyachukua nafasi. Lakini hata binti atakayefika altareni akiwa bikira hajui mwili wa mwenzi wake umebeba nini.

Kwa akina mama, uchunguzi ni wa lazima, hasa kwa wale ambao mama au dada zao wameugua. Mhudumu hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi na kutazama mabadiliko. Yakigunduliwa mapema, hutibiwa kabla hayajawa saratani. Akina baba wawatie moyo wake zao, na wawape nauli. Viongozi wa WAWATA walizungumze jambo hili waziwazi katika mikutano yao.

Katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane, mitume walimwona kipofu tangu kuzaliwa, wakauliza aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake. Bwana alikataa majibu yote mawili, kisha akamponya. Tukikutana na mama anayeugua, tuache kuuliza swali lile la mitume. Tumpeleke hospitali, tumpelekee Sakramenti, na tukae naye.