Dodoso la WhatsApp Halipimi Nia ya Kuchanga

Jamani, wiki jana dada mmoja aliniita mkahawani pale Kimathi Street. Yeye na wenzake walisoma shule moja ya wasichana upande wa magharibi wa jiji, na sasa wanapanga harambee ya kujenga bweni. Kwanza wanataka kujua waliosoma pale wanaionaje shule. Ombi lake: nitengeneze kura ya swali moja, "Uko tayari kuchangia shule yetu?", ndiyo au hapana, iwekwe kwenye kundi lao la WhatsApp. Kazi ya dakika kumi, alisema. Ni kweli. Nimekataa.

Kundini wamo akina nani? Wanaoipenda shule tayari, wale wa kukutana Lavington kunywa chai. Aliyesomeshwa kwa basari na leo ana kibanda cha nguo Kangemi hayumo. Aliyejitoa baada ya harambee iliyopita kwisha bila hesabu kusomwa hayumo pia, na maoni yake ndiyo ghali kuliko yote. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura milioni 10 hivi, majina mengi yakitoka kwenye orodha za wenye simu na magari. Zilirudi zaidi ya milioni 2, likatabiri Landon atashinda urais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Ikiwa milioni 2 zilidanganya, kundi la watu mia mbili je?

Halafu swali lenyewe. Kura ya WhatsApp huonyesha nani kachagua nini. Mwalimu wako wa zamani yumo humo anatazama, utabonyeza "hapana"? Nani Mkenya hukataa harambee mbele za watu! Ndiyo haina gharama. Gharama iko M-Pesa. Muulize alichokwisha kufanya: mara ya mwisho ulichangia lini, ukaona pesa zimefanya nini? Ungetoa kwa bweni, au kwa karo ya msichana anayerudishwa nyumbani?

Nilimpa njia nyingine. Tuchukue rejista ya shule, programu ichague majina 60 kwa kubahatisha kutoka miaka yote, kisha mtu asiye wa kamati awapigie simu. Majibu yahifadhiwe bila majina, maana hakuna atakayesema alivyoaibishwa gwarideni kwa ajili ya karo akijua mwenyekiti atasoma. Na namba walizotoa kwa ajili ya sherehe ya kukutana zisigeuzwe orodha ya kuombea pesa bila ridhaa yao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

"Hiyo ni wiki tatu nzima," akalalamika. "Na sisi tunawajua wenzetu."

Mnawajua wale wa chai, dada. Programu ya kuchagua majina nimeshaiandika, bure, mistari 40 tu. Nasubiri rejista.